CT-Scan ilianzia pia Cape Town

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu CT-Scan, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei kutoka pande nyingi, imempa sifa zote za uvumbuzi Godfrey Hounsfield wa Uingereza. Anastahili, ila Tuzo ya Nobel ya 1979 walipewa wawili, na mwenzake aliianza kazi hii Afrika.

Mwaka 1956 Allan Cormack, mhadhiri wa fizikia mzaliwa wa Johannesburg, alikuwa akisaidia kwa muda katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Aliona dozi za mionzi ya tiba zinapigiwa hesabu kana kwamba mfupa, pafu na nyama ni kitu kimoja. Je, ukipima nje tu, unaweza kujua kila sehemu ya ndani inanyonya mionzi kiasi gani? Akachongewa kisahani cha alumini kilichozungushiwa mbao, akakipitishia mwale mwembamba wa gama (mionzi inayopenya vitu kama eksirei) kutoka kobalti 60, ng'ambo akaweka kihesabio cha Geiger, yaani kifaa cha kuhesabu mionzi inayopenya. Kisahani ni duara, kwa hiyo kupima kwa pembe moja kulitosha. Lakini kwenye grafu ya vipimo, nukta tatu za karibu na kitovu zilikaa kwenye mstari wenye mwinamo tofauti kidogo na nukta nyingine za alumini. Kuuliza karakana, kumbe ndani ya ile alumini mlikuwa na kigingi cha alumini tofauti kidogo! Hesabu zilikiona kabla yake.

Alichapisha mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeshtuka. Miongoni mwa walioomba nakala walikuwamo Waswisi wanaochunguza maporomoko ya theluji.

Hounsfield, akiwa EMI, kampuni ya Uingereza ya elektroniki na muziki, hakuijua kazi hiyo. Jaribio lake la kwanza lilitumia chanzo cha gama, nacho kilikuwa dhaifu mno: vipimo 28,000 vilichukua siku 9. Alipofunga tyubu ya eksirei zikabaki saa 9. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo London, Oktoba 1971.

Sahihisho jingine: katika kipimo cha Hounsfield, yaani namba zinazoonyesha kila sehemu ya picha inanyonya eksirei kiasi gani, maji ni 0 na hewa ni -1,000, wala si kinyume chake. Ndiyo maana mashine hukaguliwa kwa kupiga picha chombo cha maji. Detekta (kipokea mionzi) moja ikipotoka, mashine inapozunguka huchora pete juu ya picha, na pete ndogo ya katikati yaweza kudhaniwa uvimbe. Kabla ya kumtisha mgonjwa, pigeni picha chombo cha maji. Pete ikijitokeza palepale, mwiteni fundi.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam