Orodha isiyopangwa haikatwi nusu

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lenu tangu enzi zile nakala moja ilipokuwa ikizunguka ofisi nzima, na sijawahi kuwaandikia. Nilinyamaza mlipokosea jina la avenue yetu. Nilinyamaza hata mlipopandisha bei. Lakini ile taarifa ya wanafunzi wa sekondari hapa Lubumbashi wanaoanza kufundishwa algoritimu za kutafuta (hatua za kufuata ili upate kitu ndani ya orodha), yenye picha ya utepe na wakubwa wakipiga makofi, imenishinda. Mwandishi wenu anasema somo hilo haliwezi kufundishwa vizuri mpaka kompyuta zifike. Zifike zifanye nini?

Mimi nilikuwa karani wa fishe za wafanyakazi katika kampuni ya migodi, zile kadi ngumu zenye jina, matrikule na mshahara. Kabati la chuma, droo juu ya droo, majina toka A mpaka Z. Bosi akitaka fishe ya Mwamba, huanzi na Abeli. Unachomeka vidole katikati ya droo, unakuta Kalonji, unajua Mwamba yuko ndani zaidi, basi yote yanayomtangulia Kalonji huyagusi tena. Unachomeka katikati ya yaliyobaki, hivyo hivyo mpaka unamshika. Kwa fishe 1000, hutazami zaidi ya 10. Kwa fishe milioni 1, hutazami zaidi ya 20. Anayeanza na ya kwanza akafuata moja baada ya nyingine anaweza kuzimaliza zote milioni na mtu mwenyewe asiwemo. Hiyo ndiyo algoritimu yenyewe, na hatukuwasubiri SNEL warudishe umeme ili tuitumie. Sharti lilikuwa moja tu: aliyetoa fishe jana awe aliirudisha mahali pake. Fishe ikirudishwa ovyo, mwenyewe alikosa mshahara mwezi huo, na alikuja kunitafuta mimi.

Sasa sikilizeni yaliyompata mjukuu wangu. Yuko mwaka wa tatu wa umanite (sekondari ya juu), opsyo ya biashara na informatiki. Dikotomi, ndiyo hiyo hiyo ya kukata nusu, wamefundishwa kwa kunakili ubaoni: maelezo, mishale, visanduku, vyote vimo ndani ya kayee kwa maandishi mazuri. Kisha ikaja interro, jaribio la darasani. Orodha ilikuwa hii: 41, 7, 23, 12, 58, 30, 9. Tafuta 12 kwa kukata nusu, useme umepita hatua ngapi. Mtoto akaandika kwamba orodha hii haikatwi nusu kwa sababu haijapangwa. Akaipanga mwenyewe: 7, 9, 12, 23, 30, 41, 58. Akaanza na 23, akaenda kushoto akakuta 9, akasogea kulia akapata 12. Hatua 3. Akapewa sifuri kwa wino mwekundu, na pembeni imeandikwa kwamba jibu ni hatua 1. Kwa nini 1? Kwa sababu 12 imekaa katikati kwa bahati! Mwalimu kafungua katikati, kakuta anachokitaka, kafurahi. Haya, na atafute 9 katika orodha yake hiyo hiyo. Katikati kuna 12. 9 ni ndogo, anakwenda kushoto kwenye 41, 7, 23. Katikati kuna 7; 9 ni kubwa, anakwenda kulia, anakuta 23. Si yenyewe, na nafasi zimekwisha. Atatangaza kwamba 9 haimo, na 9 iko pale pale mwishoni mwa mstari aliouandika kwa mkono wake. Mtoto aliyeona shimo hilo ndiye aliyepewa sifuri. Wenzake walioandika 1 bila kuwaza wamepata pointi zote. Nilikwenda kumwona mwalimu. Kunisikiliza hakukataa, alikataa kufuta. Eti nota zake za kufundishia ndivyo zinavyosema. Mwanangu anayeandika programu amenieleza kwamba mwaka 2006 Joshua Bloch, wakati huo akiwa Google, alitangaza mwenyewe kuwa programu ya kutafuta kwa kukata nusu aliyoiandikia Java, lugha ya kuandikia programu, ilikuwa na kosa lililojificha karibu miaka 9: ilipata katikati kwa kujumlisha mwanzo na mwisho, na orodha ikiwa kubwa mno, jumla hiyo inafurika, inapita namba kubwa kabisa ambayo nafasi yake inaweza kushika. Alisema hadharani na kosa likatengenezwa. Mwalimu wetu hawezi kufuta sifuri moja!

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika pale, nikaingia kwa sekretari kuuliza kwa nini mtoto huyo huyo alifukuzwa wiki ile kwa deni la minervali, ada ya shule. Shule ya msingi ni bure tangu 2019, sekondari bado tunatoa, na sisi tunatoa pia feza ya informatiki kila trimestre kwa ajili ya chumba chenye kufuli. Sekretari akafungua rejista. Majina yameandikwa kwa jinsi watu walivyokuja kulipa: mmoja kwa jina la ukoo, mwingine kwa postnom, jina linalofuata la ukoo, mwingine kwa prenom, Esther tu. Akashusha kidole mstari kwa mstari, simu ikalia, akajibu, kidole kikapotea, akaanza tena juu kabisa. Mwisho akasema mtoto hajalipa. Risiti nilikuwa nayo mfukoni, ina muhuri wake yeye. Ukutani nje, matokeo yamebandikwa kwa kufuata pointi, kwa hiyo mama wa mtoto wa mwisho lazima asome watoto wa wenzake wote kwanza.

Ninapendekeza hivi. Mwalimu alete boksi tupu la viatu. Kila mwanafunzi aandike jina lake kwenye nusu karatasi, ukoo kwanza, postnom, halafu prenom, zipangwe. Wawili washindane kutafuta jina moja, huyu toka mbele, yule toka katikati. Anayeshindwa afagie darasa. Halafu boksi livurugwe, washindane tena, waone yule wa katikati anavyoaibika. Wakimaliza, boksi lipangwe upya na lipelekwe kwa sekretari, libaki kwake.

Kompyuta nazo zije, sizikatai. Ila siku ya kukata utepe mwingine, wale wakubwa wa kwenye picha yenu wapewe rejista ya minervali, kila mmoja atafute mtoto mmoja mbele ya kamera, na soda zisifunguliwe mpaka wampate.

Sifuri ya mjukuu wangu irekebishwe kabla ya proklamasyo, siku ya kutangaza matokeo. Nakala ya interro ninayo.

Karani mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi