Salamu za Shukrani kwa Waliochangia Matibabu ya Binti Yetu

Familia yetu ya Nansio, Ukerewe, inawashukuru kwa dhati wote mliojibu ombi letu la kumtibia binti yetu wa miaka 2, aliyegundulika kuwa na matege, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa laini, yaliyofika mpaka mbavuni. Asanteni wafanyabiashara wa dagaa wa Mwaloni Kirumba, kina mama wa sokoni Nansio, vijana wa bodaboda, wanakwaya na ndugu zetu wa msikitini. Asanteni waganga na wauguzi. Mchango wenu umelipa eksirei ya kiganja na goti, vipimo vya damu, dawa za miezi mitatu na nauli ya meli. Mungu awarudishie mara dufu.

Wengi mlipochanga mliuliza pia: wangu naye kifua hakijakaa sawa, nifanyeje? Tunawajibu hapa kwa pamoja.

Kwanza, kifua kinachobonyea chini ya mbavu kila mtoto anapovuta pumzi, naye anakohoa au anapumua kwa shida, kichukulieni kuwa ni nimonia, si kilema. Akiwa ametulia, hesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, mpeleke zahanati saa hiyo hiyo. Kifua kikibonyea, mpeleke hata kama hesabu haijafika hapo.

Kifua kilichozama katikati muda wote, hata mtoto akiwa mzima, mara nyingi huonekana tangu mwaka wa kwanza. Gegedu, yaani zile sehemu laini zinazounga mbavu na mfupa wa kidari, ndizo zimekua vibaya. Kwa mtoto mdogo kazi kubwa huwa ni kumfuatilia. Upasuaji wa kuweka chuma chini ya kidari, alioubuni Donald Nuss huko Marekani mwaka 1987, kwa kawaida husubiri akaribie balehe. Kifua cha njiwa, kile kilichochomoza mbele, mara nyingi hujitokeza balehe ikianza, na hutibiwa kwa mkanda maalumu unaopimwa na mtaalamu. Tafadhali msiwafunge watoto kanga kifuani. Haimnyooshi, inambana pumzi tu.

Matege ndiyo tunaomba myatazame kwa makini, kwa sababu yanatibika. Mlaze mtoto chali bila nguo, mwanga wa dirisha uingie kwa ubavuni. Pitisha vidole viwili pale ubavu unapokutana na gegedu: ukisikia vinundu vimepangana kama shanga za tasbihi, hiyo ni dalili. Tazama pia mfereji unaozunguka mbavu za chini, vifundo vya mikono vilivyonenepa, utosi usiofunga baada ya mwaka na nusu, na meno yaliyochelewa.

Watu hushangaa: jua lote hili la ziwani, matege yatoke wapi? Jua humpa mtoto vitamini D, lakini mfupa unahitaji na kalsiamu, na uji wa mahindi au muhogo mtupu hauna ya kutosha. Dagaa wanayo, ila iko kwenye mifupa. Mtoto akipewa mchuzi peke yake, mifupa ikabaki sufuriani, hajapata kitu. Osha dagaa kwa maji ya uvuguvugu mpaka mchanga uishe, wakaushe vizuri, wakaange bila mafuta, twanga, chekecha, na baada ya miezi 6 koroga unga wake kwenye uji kila siku.

Mgonjwa hatibiwi kwa dagaa pekee. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 12 daktari huandika vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kwa siku, na 2,000 kwa mtoto wa chini ya mwaka 1, pamoja na kalsiamu miligramu 500, kwa siku zisizopungua 90. Makosa ni mawili. Wazazi huacha dawa mtoto akichangamka, kabla mfupa haujakaza. Wengine hutoa vitamini D bila kalsiamu. Hapo mifupa huvuta kalsiamu iliyomo kwenye damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Wala msirudie sindano ya vitamini D kila zahanati mnayopita, kwani ikizidi huumiza figo.

Baada ya miezi mitatu eksirei irudiwe. Mfupa usipoonyesha kupona, tatizo linaweza kuwa figo au upungufu wa fosfeti, na hapo anahitaji daktari bingwa wa watoto. Salio la michango yenu tumelitenga kwa eksirei hiyo ya pili.

Ni sisi, wazazi na babu na bibi wa mtoto, Nansio.