Gongo ya zabibu juu ya ghorofa

Louisville, Kentucky
Septemba

Mpendwa Koku,

Hujambo mama, na wa Kashai wote hawajambo? Mimi mzima. Kazi ni ile ile ya kupanga vifurushi usiku pale uwanja wa ndege, mgongo ndio unaolalamika.

Ngoja nikusimulie ya Jumamosi. Unamkumbuka Furaha, yule mwenzangu wa zamu, Mkongo wa Uvira? Alikuwa anatimiza miaka arobaini. Akasema safari hii hataki ukumbi wala sufuria za pilau, apelekwe mahali wenyeji wa huku wanakokwenda kujipongeza. Nikampeleka Butchertown, mtaa wa zamani wa machinjio karibu na mto Ohio, penye kiwanda kidogo cha pombe kali kinaitwa Copper & Kings. Wewe ukisikia Kentucky unafikiria kuku. Huku kwenyewe ni bourbon, wiski ya mahindi, kila kona. Hawa wakaamua kwenda kinyume, wakapika brandi: pombe kali ya matunda, zabibu na tufaha. Walifungua 2014. Joe Heron, aliyeanzisha na mkewe, ni mzaliwa wa Afrika Kusini, na kule brandi ni kinywaji cha nyumbani tangu zamani. Mwaka 2020 wakauza kwa kampuni kubwa.

Mlangoni kitambulisho kwanza, maana chini ya miaka 21 huonji kitu. Furaha alifurahi hadi akataka kumpigia simu binti yake.

Sasa sikia. Tunaingia ndani, nakuta mitambo ya shaba inang'aa kama sufuria za bi harusi, tena imepewa majina ya kike: Magdalena, Rosemary, Sara. Tumbo pana chini, shingo inapanda, inapinda, inashuka kwenye maji baridi. Nikakodoa macho. Koku, ni mtambo wa gongo wa shangazi yako Adelina! Toa lile pipa la mafuta ya taa, toa udongo na maganda ya ndizi ya kuziba mvuke usitoroke, kinachobaki ni kile kile. Divai inachemshwa, mvuke unapanda, unapozwa, unadondoka. Hata ile rubisi anayochemsha shangazi, pombe ya ndizi zilizokamuliwa na kutiwa mtama, ni divai tu ya kwetu. Kwa hiyo miaka yote ile shangazi alikuwa anapika brandi na hakuna aliyemwambia.

Furaha akanong'ona, "Asimwe, hii njo kanyanga. Walivalisha tu suti." Kanyanga ndiyo gongo ya kwao.

Kijana aliyetutembeza alieleza kwa nini lazima iwe shaba: inashika ile harufu ya kiberiti, ya mayai viza, inayotoka kwenye uchachu. Halafu akaeleza jinsi ya kukata. Inayotoka kwanza wanaiweka kando, ina harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Ya katikati ndiyo wanayoitaka. Ya mwisho ni nzito, inanuka kama kadibodi iliyolowa, nayo wanaitenga. Mpishi anaamua kwa pua na ulimi, vipimo vinafuata nyuma. Nikamkumbuka shangazi anavyodondoshea kiganjani, anasugua, ananusa, anasema "bado." Sikuwahi kujua alikuwa anasubiri nini.

Wanapotuzidi ni kwenye kungoja. Kwetu inatoka jioni, asubuhi imekwisha. Wao wanaishusha chini ya ardhi kwenye mapipa ya mwaloni, mengi yalishatumika kwenye bourbon, maana sheria ya bourbon inadai pipa jipya kila mara na mazee lazima yaende mahali. Inakaa humo miaka. Inaingia nyeupe kama maji, inatoka rangi ya chai ya mkandaa. Na kule chini wamefunga spika kubwa, muziki unapigwa ili pombe itikisike ndani ya mbao. Mimi hilo sikulimeza, lakini niliweka mkono juu ya pipa moja na kweli lilikuwa linatetemeka.

Baa na jiko viko juu kabisa, kwenye paa, unaona maghorofa ya mjini yote. Tukala kuku na viazi, tukaletewa glasi zenye tumbo, brandi kidogo tu chini. Ya kwanza ilinichoma. Ya pili nikaipasha kiganjani kama walivyotufundisha, ikatoa harufu ya zabibu kavu na kitu kama vanila. Ya tufaha ndiyo iliyotushinda tabia. Tulirudi kwa teksi.

Lakini Koku, kuna kitu kiliniuma pale juu. Wamarekani nao walipigwa marufuku ya pombe, 1920 hadi 1933, watu wakapika porini usiku, wengine wakafa kwa pombe mbovu. Hata leo ukipika jikoni kwako bila kibali ni kosa. Ila kibali cha kiwanda kipo, na mtu mdogo anaweza kukipata. Sisi tuna ile Sheria ya Moshi ya 1966 (moshi ndiyo gongo yenyewe), na shangazi amekaa mahabusu kwa lita chache wakati chupa za kiwandani zinauzwa mbele ya kituo. Sisemi gongo ni salama, najua waliopofuka. Nasema yule mama angepata chombo cha shaba na mtu wa kumpimia, watu wangekuwa wanapanda ndege kwenda Kagera kuonja.

Sasa naomba kazi moja. Ukienda kijijini, muulize shangazi ile ya kwanza kudondoka alikuwa anaipeleka wapi. Furaha anaapa kwao ni dawa ya kuchua mgongo, na huu wangu si wa kuuchezea. Na senene wakianza kuanguka, nikaangie wa kutosha, wakaushe vizuri. Mwezi wa kumi na mbili kuna mtu anakuja huku, nitakutumia namba yake.

Wako,
Asimwe