Mheshimiwa Meya wa Memramcook, tunaomba mahali pa kulima

Mheshimiwa Meya,

Salamu kutoka Moncton, jirani zenu hapa New Brunswick, Kanada. Barua hii nitakuletea kwa Kifaransa, mkononi mwako. Nimeiandika kwanza kwa Kiswahili kwa sababu wanaoiomba pamoja nami ni familia za Uvira, Fizi na Bujumbura, na wazee wetu kadhaa hawasomi lugha nyingine. Ninyi Waakadia, wazao wa Wafaransa waliohamia huku zamani, mmeipigania lugha yenu vizazi na vizazi, kwa hiyo najua utanielewa.

Sisi ni wakulima, ingawa hapa mjini haijulikani. Mtu akikukuta usiku unasugua sakafu za ofisi, atajuaje kwamba ulikuwa unalisha watu kumi kwa jembe lako? Mimi nimekulia kwenye mpunga wa Bonde la Ruzizi. Kabla sijajua kuandika jina langu, nilishajua kufungulia maji yaingie kwenye majaruba, na kuyafunga yasimmalizie jirani zamu yake.

Ndiyo maana mzee mmoja wa bonde lenu aliponieleza habari za aboiteau, mlango wa maji ambao mababu zenu walitumia kuzuia bahari isiingie mashambani, nilielewa upesi. Aliinua mkono juu ya meza, akalegeza kiganja, vidole vikaning'inia. Bahari ikipwa, akasema, maji ya mvua yaliyoko shambani yanasukuma na kutoka, vidole vikainuka. Bahari ikijaa, inausukuma ubao urudi, vidole vikajibana. Ni hivyo tu: ubao unaoning'inia ndani ya mfereji wa mti, uliofukiwa chini ya tuta la udongo. Na bahari yenyewe ni Ghuba ya Fundy, ambako maji yanaweza kupanda hata mita 16! Tuta likishasimama, watu walingoja miaka 2 au 3 mvua na theluji ziioshe chumvi, ndipo wakapanda. Nilimwomba anionyeshe tena, nikamchorea mifereji yetu ya Ruzizi nyuma ya bahasha.

Kisha mwaka 1755 Waingereza wakaanza kuwafukuza Waakadia. Watu maelfu wakapakiwa melini, nyumba zikachomwa. Waliorudi Memramcook na waliotoka mafichoni msituni walikuta hata ardhi si yao tena kwa karatasi. Afisa wa jeshi la Uingereza, Joseph Frederick Wallet DesBarres, alikuwa na hati ya eneo kubwa, na wao wakawa wapangaji wake. Mgogoro huo uliendelea miaka mingi. Kwangu hiyo ndiyo sehemu nzito kuliko zote katika historia yenu, kwa sababu kulima udongo ambao mtu mwingine anaweza kukutoa kesho ni jambo tunalolijua.

Limetupata hapa hapa, Mheshimiwa. Majira ya joto yaliyopita familia 6 zetu tuliazimwa kipande cha shamba nje ya mji. Tulikubaliana kwa mdomo, tukapeana mikono. Tukang'oa magugu, tukamwaga samadi, tukapanda maharage, mahindi na lengalenga, yaani mchicha. Mwezi wa Julai, maharage yakiwa yameanza kutoa maua, tukaambiwa shamba limepata mtu mwingine. Asubuhi iliyofuata trekta lilipita juu ya mistari yetu. Mama mmoja alikuwa amefika mapema na beseni lake kuchuma lengalenga. Alisimama barabarani nalo mpaka trekta likamaliza, hakusema neno. Simtaji mwenye shamba, wala sitaki kumshitaki. Hatukuwa na karatasi, basi.

Ninachoomba ni karatasi. Najua halmashauri yako haina mashamba ya kugawa, na hatuombi bure. Tunaomba uwaulize wenye mashamba wa Memramcook ni nani yuko tayari kutukodisha nusu eka au eka moja ambayo hailimwi, kwa bei watakayoitaja. Nimepita bondeni mara nyingi, nimeona kona ambazo vichaka vinaanza kuzichukua. Halafu halmashauri itusaidie kuandika mkataba wa misimu 3 na kuushuhudia. Msimu 1 hautoshi: huo wa kwanza ni wa kuutengeneza udongo, na watu waliongoja miaka chumvi itoke hawahitaji kuelezwa hilo. Hatutapanda mihogo, baridi ingeiua, na sombe, yaani kisamvu, tutaendelea kununua ya barafu dukani. Lakini maharage, mahindi, vitunguu, maboga na lengalenga vinakubali vizuri.

Mwaka 1881 Waakadia walifanya mkutano wao mkuu wa kwanza hapo hapo Memramcook. Watu wanaikumbuka sana tarehe 15 Agosti iliyochaguliwa kuwa sikukuu yao. Mimi nakumbuka zaidi kwamba walijadili pia kilimo, na vijana waliokuwa wakihama kwa kukosa ardhi. Vijana wetu nao wameanza kuondoka, wanaelekea Ontario. Wazazi wao wangekuwa na shamba la kuwapeleka Jumamosi, pengine wachache wangebaki.

Huku baridi inaweza kuua mche mpaka mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo udongo unapaswa kuwa tayari mwezi wa Mei. Tutakuja ofisini kwako kabla ya theluji kuisha, watu 4, pamoja na yule mama wa beseni. Mbegu zake za lengalenga amezikausha na kuzifunga kwenye kitambaa.

Wako kwa heshima,
Mkulima wa Ruzizi, sasa mkazi wa Moncton