Vijana wa ughaibuni hawajaitupa mila ya ndoa

Mhariri,

Familia yangu ilihamia Muscat kutoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na mwezi uliopita tulimwoza binti yetu kwa kijana aliyezaliwa Uingereza. Wazee walizungumza kwa simu ya video, lakini barua ya posa, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kubabaisha kwa mkono wa kijana mwenyewe, aliileta ami yake ikiwa imefungwa katika kitambaa cheupe. Biharusi alikataa kuwekwa ndani siku saba kwa sababu ya kazi, ila aliomba somo, yaani mwanamke wa kumfunda, singo ya kusugua mwili kwa manukato, na hina bila kushurutishwa na mtu. Wanaodai kwamba vijana hawa wamepoteza asili yao wanawaonea, hasa sisi tuliowanyima Kiswahili nyumbani.