Si kila injini kuukuu lazima ivuje oili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niwajibu wenye boti na pikipiki za majini wa Matema na Itungi, kando ya Ziwa Nyasa. Ukiwaonyesha utando wa oili unaong'aa rangirangi kando ya chombo, wanakwambia, "Injini ya zamani hiyo fundi, lazima ivuje." Mimi ni makenika wa Mwanjelwa, nimeshika injini za magari na za boti tangu ujana wangu, na jibu hilo silikubali. Injini huvuja kwa sababu kuna mahali pamefunguka. Uzee si mahali.

Kiangazi kilichopita niliitwa na mwenye nyumba ya wageni kule ufukweni. Pikipiki yake ya majini ilikuwa inatupa oili. Ni ya mipigo minne, miongoni mwa zile za mwanzo. Yamaha na Sea-Doo walianza kuziuza na matoleo ya mwaka 2002. Kabla ya hapo zilitawala za mipigo miwili, ambazo oili huungua pamoja na petroli na mabaki yake kutokea kwenye ekzosi. Hizo zina utetezi wao, ndivyo zilivyoundwa. Ya mipigo minne haina, oili yake inatakiwa kubaki ndani ya injini.

Fundi aliyenitangulia alishatoa hukumu: sili ya nyuma ya krenki, yaani mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea, imekufa, injini itolewe. Asiyejua kazi hii anaweza kuona ni jambo dogo. Unafungua ekzosi, mabomba ya maji na nyaya, unainyanyua injini ndani ya tumbo finyu la chombo, na ukiirudisha lazima ikae mstari mmoja na shafti. Ikipinda kidogo tu inatetemeka na kula kaplingi, kiungio cha injini na shafti. Mwenye chombo alikuwa ameshaanza kutafuta hela.

Sasa ushahidi wa sili ulikuwa nini? Oili imejaa chini, upande wa nyuma. Lakini chombo kikishika kasi pua hunyanyuka, na kila tone hurudi nyuma hata kama limeanzia juu, mbele kabisa. Dimbwi linaonyesha oili ilikoishia, halionyeshi ilikotoka.

Nilianza kwa kusafisha. Oili ya chini niliinyonya kwa matambara, kisha nikaosha injini yote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaikausha kwa upepo. Petroli sitaki kuiona kwenye kazi hii, ingawa vijana wengi huipenda kwa kuwa inakata mafuta haraka. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unalala chini ya tumbo la chombo. Ukibonyeza stata, cheche moja inatosha. Hata ukiosha kwa sabuni, acha kiti wazi hewa ipite kabla ya kuwasha.

Injini ilipokauka niliipaka poda ya mtoto kwenye maungio yote ili oili ikitoka iache alama, tukaunga mpira wa maji ya kupooza. Hapa mafundi wa magari wasikilize: washa injini kwanza ndipo ufungue maji, na ukimaliza funga maji kwanza ndipo uzime. Ukigeuza utaratibu, maji yanaweza kupitia ekzosi yakaingia kwenye silinda. Na usiiache ikiunguruma nchi kavu muda mrefu.

Poda ikaonyesha mstari mwembamba unaoshuka kutoka kona ya tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Gasketi yake, ile inayoziba maungio, ilikuwa imekauka na kuwa ngumu. Hilo lilikuwa vujo dogo, ila oili ya chini ilikuwa nyingi mno kutoka pale tu, kwa hiyo nikamwuliza kijana anayeikodisha huwa anapimaje.

"Asubuhi, baba, kabla haijawashwa. Pale pale mchangani. Ikipungua naongeza."

Pale mchangani ni mteremko. Halafu injini ile huweka oili kwenye tanki la pembeni, si kwenye sampu, lile bakuli la chini ya injini, na ikilala usiku kucha sehemu ya oili hushuka chini ya injini. Kijiti cha kupimia kinasema pungufu, kijana anaongeza, kesho anaongeza tena. Injini ikipata moto, oili iliyozidi inasukumwa kupitia mpira wa kupumulia hadi kwenye boksi la hewa, na kutoka hapo inadondoka. Nilipofungua boksi nikakuta inaogelea. Oili ya namna hii hupimwa injini ikiwa ya moto, chombo kikiwa kimekaa sawa, ukishazima na kusubiri kidogo ishuke.

Tukanyonya iliyozidi, tukaweka gasketi mpya, tukaiingiza majini na kurudi kukagua. Kavu. Sili ya krenki haikuguswa.

Kinachonikera zaidi ni ile pampu ya kutoa maji. Haichagui; oili ikifika chini ya tumbo, pampu inaitupa ziwani pamoja na maji. Hapo Matema watu wanaoga, wanafua, wanachota, na usipa wanavuliwa humo humo. Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Shire, huko mwisho wa kusini. Oili ya huku haina njia ya mkato ya kuondoka.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyombo: kabla ya kufungua vizibo vya nyuma vya kumwagia maji au kuwasha pampu, nyonyeni oili kwa matambara. Ikimwagika ardhini, mwageni pumba za mpunga, ambazo Kyela hazikosekani, ila msizitie ndani ya chombo, zitaziba pampu. Na halmashauri iweke pipa la oili chafu kwenye kila mwalo. Halitakosa wa kulimaliza, mafundi seremala wanaitafuta oili hiyo kupaka mbao dhidi ya mchwa.

Makenika,
Mwanjelwa, Mbeya