Malalamiko Kuhusu Seti Yenu ya Kuimarisha Bloku ya Aluminiamu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tunaandika kuhusu seti ya pete, stadi (boliti ndefu) za hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, na gundi mnayowauzia wanaofunga turbo kwenye injini za silinda 4 zenye bloku ya aluminiamu iliyo wazi juu. Kwenye bloku hiyo silinda zimesimama ndani ya nafasi ya maji bila kushikwa juu; pete huingizwa kwenye nafasi hiyo ili izishike. Karatasi ya maelekezo inaahidi mambo mawili: kwamba pete inagongwa kwa nyundo na kipande cha mbao, nyumbani, bila kuchonga silinda, na kwamba baada ya hapo bloku itastahimili turbo ya bar 2 (shinikizo la hewa inayopulizwa). Tumeifunga seti hiyo kwa kufuata karatasi neno kwa neno, kwenye bloku yenye silinda za milimita 81, tukapima kabla na baada. Ahadi zote mbili si za kweli, na ile ya kwanza inaharibu injini hata kabla turbo haijaanza kupuliza.

Kabla ya pete kuingia, geji ya silinda ilionyesha tofauti isiyozidi milimita 0.01 katika kina cha milimita 10, 60 na 110. Pete ilipokaa, silinda ya 2 na ya 3 zilikuwa zimebanwa kwa milimita 0.06 kwenye kina cha milimita 10, huku kwenye kina cha 60 hakuna kilichobadilika. Pistoni za kufuliwa (zilizotengenezwa kwa kugandamiza metali, si kuimimina) hufungwa na nafasi ya milimita 0.08 hadi 0.10 kati yake na ukuta wa silinda kwa injini ya turbo, kwa kuwa zikipata moto hupanuka kuliko za kawaida. Toa 0.06 hapo, muone kinachobaki. Pistoni itakwaruza ukuta pale juu kabisa, kwenye joto kali na mafuta haba. Ringi za pistoni nazo haziwezi kuziba silinda iliyo kama yai juu na duara chini, kwa hiyo moshi utashuka kwenye sampu (bakuli la mafuta chini ya injini) na mafuta yatapanda kuungua.

Chanzo ni ukerezaji wenu. Nafasi ya maji kati ya silinda na ukuta wa nje kwenye bloku hii ni milimita 10.00; mkono wa pete yenu, yaani sehemu inayoziba nafasi hiyo, tulipoupima kwa kifaa cha maikromita ni milimita 10.20. Karatasi inashauri pete iwekwe kwenye friji ili isinyae. Aluminiamu husinyaa takriban milimita 0.023 kwa kila mita kwa kila digrii moja, hivyo mkono wa milimita 10 ukipozwa kwa digrii 40 hupungua chini ya milimita 0.01. Friji haisaidii chochote hapo. Iliyobaki inalazimishwa kwa nyundo, na kinachokubali kusogea ni silinda, maana huku juu haijashikwa na kitu. Udhaifu uleule mliokuja kuutibu ndio mnaoutumia kuingiza pete!

Pete ya aina hii hupigwa tupa au kukerezwa hadi iingie kwa kusukumwa na kiganja, ikibana kwa milimita 0.02 au 0.03 tu. Bloku inakuwa tupu, imeoshwa, plagi za njia za mafuta zimetolewa. Pete ikishakaa, uso wa bloku unaskimiwa (unasawazishwa kwa mashine) pamoja nayo. Kisha bamba nene la chuma linafungwa mahali pa hedi, pamoja na gasketi (kizibo bapa kati ya bloku na hedi) na stadi zilezile zitakazotumika, zikiwa zimekazwa kwa kipimo kilekile cha mwisho. Ndipo silinda zinachongwa na kuhoniwa (kusuguliwa kwa mawe laini) kufuata pistoni. Honi isiyokuwa na bamba hutoa duara zuri mezani, likaharibika siku hedi inapokazwa. Kazi hii inahitaji karakana yenye mashine. Kuiita kazi ya nyumbani ni kumdanganya mteja. Na tukitaja uso wa bloku: kona moja ya pete ilisimama milimita 0.08 juu yake, ilhali gasketi ya chuma ya tabaka nyingi haivumilii zaidi ya 0.05.

Maji pia. Pete imetobolewa matundu 12 ya milimita 5, jumla ya milimita za mraba 236. Gasketi ya hedi ya injini hii ina njia za maji za takriban milimita za mraba 1,000. Mmeziba zaidi ya robo tatu ya njia, tena kwenye sentimita 2 za juu za silinda, sehemu yenye joto kuliko zote, na matundu 5 kati ya hayo 12 yanaishia chini ya sehemu ya gasketi isiyo na tundu. Mvuke ukijikusanya chini ya pete hauna pa kutokea. Geji ya joto kwenye dashibodi itabaki kawaida, huku silinda ikigonga (mchanganyiko wa petroli na hewa ukijilipukia wenyewe) kwa sababu ya joto la mahali pamoja.

Gundi mliyoiweka ya kushikilia pete haifai. Maji ya rejeta yenye glaikoli (kemikali ya kuzuia maji yasigande), kwa digrii 90 hadi 110, huilainisha, kisha vipande vyake huenda kukwama kwenye thermostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta). Kuhusu stadi, mmetoa kipimo cha kukaza bila kusema ni kwa uzi (meno ya stadi) mkavu au uliopakwa mafuta, na tofauti hiyo ni kubwa ya kutosha kung'oa uzi wa aluminiamu.

Sasa bar 2. Mlipuko wa bar 100 juu ya pistoni ya milimita 81 unasukuma hedi kwa takriban tani 5. Pete huzuia ncha ya juu ya silinda isitikisike, basi; haiongezi unene wa ukuta. Ukuta ukiwa mwembamba, mkunjo huhamia chini ya pete na ufa huanzia hapo. Kwa nguvu hizo, bloku huwekwa slivu (kuta mpya za silinda) za chuma zenye ukingo mpana juu.

Tunadai mrudishe fedha za seti na mlipe gharama za kuchonga silinda upya. Mwondoe maneno "bila kuchonga", friji na "bar 2" kwenye karatasi. Muchapishe vipimo vya pete pamoja na ukomo wa makosa ya ukerezaji. Na muwaarifu walionunua seti za toleo hili wasiwashe injini kabla ya kupima silinda. Pete, karatasi ya vipimo vyetu na picha za geji tumeziambatanisha. Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14, la sivyo tutawasilisha malalamiko haya kwa mamlaka ya kulinda walaji.

Wenu,
Mafundi wa injini, kwa niaba ya mteja